Rekodi ya 13-0 mwisho wa reli: Dogo alikuwa bondia kweli au alikuwa anabebwa? (uchambuzi wa kisa)

Majina nimetoa yote, mwaka sitaji, na baadhi ya tarakimu za rekodi nimezisogeza kidogo ili mtu asiende kumtafuta BoxRec (tovuti ya rekodi za mabondia) usiku huu. Mtiririko wa mambo lakini ni ule ule. Bondia nitamuita Dogo, mtu aliyekuwa anamlipia kambi ni mjomba wake kabisa, kaka wa kuzaliwa na mama yake, huyo nitamuita Mjomba, na kocha ni Kocha. Mimi niliitwa kwenye hii ishu kwasababu nina ugonjwa wa kufuatilia nani kampiga nani, lini, raundi ya ngapi, na Kocha analijua hilo toka kitambo.

Dogo alikotokea

Mtoto wa Ujiji, Kigoma. Mchana alikuwa anabeba mizigo mwaloni Kibirizi, mawese, dagaa, mifuko ya saruji inayopanda boti, kwahiyo mgongo na mabega alikuja navyo kabla hajajua jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, ni nini. Kambi yao ipo Mwanga kwenye ukumbi wa kukodi, begi mbili tu, moja limejazwa mchanga na nguo chakavu mpaka chini limekuwa gumu kama nini, ulingo hawana, wamechora mraba kwa chaki sakafuni na ukikanyaga nje Kocha anakupigia kelele. Na hapa kuna kitu cha kukishika mapema: watu wa kusparingi nae walikuwa wawili, kijana mmoja wa kilo 57 na fundi boti mmoja wa kilo zaidi ya 80 ambaye akichoka anakaa chini. Dogo anacheza uzito wa kilo 66. Yaani kwa miaka yote ile hakuwahi kupigana mazoezini na mtu wa saizi yake.

Rekodi ilikuwa mapambano 13, kashinda yote, 11 kwa KO, yaani mpinzani kalazwa kabla raundi hazijaisha. Kwenye mabango ya mtaani iliandikwa HAJAWAHI KUPIGWA kwa herufi nyekundu. Kitaa kikagawanyika. Kuna waliosema Kigoma tumepata mtu, kuna waliosema anabebwa na mbeleko, na kila upande ulikuwa na uhakika wake, maana ngumi kila mtu mtaani ni mtaalamu.

Mapambano karibu yote aliandaliwa na promota mmoja wa huku huku mkoani. Ebu tuwe wakweli kuhusu biashara yenyewe inavyoenda. Promota wa mkoani hana hela ya televisheni, ana hela ya mlangoni. Watu wanatoa elfu zao kuja kumuona kijana wa nyumbani anashinda. Sasa akileta mtu mgumu, kijana akalala, onyesho linalofuata hamna anayekuja. Kwahiyo analeta mtu wa kupigwa. Vibali vilikuwepo, madaktari walikuwepo, kwenye karatasi hamna sheria iliyovunjwa, na dunia nzima wanafanya hivyo, Marekani wanafanya, Uingereza wanafanya, tena wao wamefanya kuwa fani kamili.

Simu kutoka Dar

Promota wa Dar akapiga. Anataka Dogo apande raundi 10, kuna mkanda wa ubingwa, mpinzani ni mashoto (anayepiga kwa kushoto) ana mapambano zaidi ya 20 na kapoteza matatu tu. Maandalizi wiki saba. Hela iliyotajwa ilikuwa kubwa kuliko hela zote alizowahi kupata Dogo kwenye yale mapambano 13 ukiyajumlisha.

Mjomba akasema ndio hapo hapo kwenye simu kabla hajaongea na mtu. Simlaumu sana, alikuwa amechukua mkopo, na injini ya boti yake ilikuwa imewekwa dhamana kwa ajili ya vyakula vya kambi, vitambaa vya mkono, nauli na zile safari. Dogo nae alikuwa tayari, akamwambia Kocha, "Kocha mi naona huyo anakaa chini raundi ya tatu." Kocha ndo akanipigia mimi, akaniambia bro njoo tukae, mi huyu mtoto namuona kila siku, nikimwangalia naona mwanangu, sioni bondia. Njoo uangalie wewe.

Swali lilikuwa moja na halikuwa "anabebwa au habebwi". Anabebwa, hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote aliyekaa mezani. Swali lilikuwa ukitoa mbeleko, kuna mtu humo ndani?

Kuisoma rekodi pambano kwa pambano

Tulikaa kwenye hoteli moja Mwanga, sahani za ugali na migebuka mezani, Mjomba kashika simu yenye bando mi nimeshika kalamu. Kila mpinzani tukamuuliza mambo yale yale: kabla hajakutana na Dogo alikuwa kafanya nini, alikuja na taarifa ya siku ngapi, alipima kilo ngapi, aliyemleta ni nani, na baada ya kupigwa na Dogo alienda kufanya nini. Hilo la mwisho watu huwa hawaliulizi kabisa na ndo lenye habari nyingi kuliko yote.

Namba 1 mpaka 4, wote walikuwa wanapanda ulingoni kwa mara ya kwanza kwenye ngumi za kulipwa. Sawa, hiyo ni kawaida, kila mtu anaanza hivyo. Wawili kati yao hawakupanda tena maisha yao.

Namba 5, hajashinda hata moja, kapoteza sita.

Namba 6 alitokea ng'ambo ya ziwa. Huyu Kocha alimkumbuka vizuri. Alivuka na boti usiku, ziwa lilichafuka, kafika asubuhi katapika mpaka nyongo, jioni ile ile akapima uzito akawa na kilo 61 na nusu, wakamwambia kunywa maji upime tena. Karibu kilo tano chini ya Dogo. KO raundi ya kwanza, ukumbi ukalipuka.

Namba 7, kashinda mbili kapoteza tisa. Namba 8 ndo alinikasirisha. Yule kijana wiki chache kabla alikuwa amepigwa KO nchi jirani kwenye pambano ambalo halikuingizwa popote, kwahiyo kwenye karatasi alionekana mzima. Mtu aliyezimwa anatakiwa apumzishwe kwanza, ubongo sio goti. Dogo akamgusa na kulia moja tu akaanguka, watu wakasema dogo ana mkono wa chuma. Mi nikasema hapana, hiyo KO muifute kwenye hesabu, hiyo haituambii kitu kuhusu mkono wa Dogo.

Namba 10 na namba 12 ni mtu mmoja. Mara ya kwanza alitangazwa kwa jina lake, mara ya pili kwa jina la ulingoni, na bukta mpya. Mjomba alicheka kwanza halafu akanyamaza. Namba 13 sina la kusema, sekunde arobaini na kitu.

Zikabaki mbili, na zote mbili ndo zile ambazo hakushinda kwa KO.

Namba 11, pointi, raundi nne. Mtu wa Tabora, rekodi yake mbaya sana, kashinda 6 kapoteza 19. Kitaa walimzomea Dogo siku ile, eti kashindwa kumlaza mtu aliyepigwa mara 19. Lakini ukifungua hizo 19 unakuta kwa KO kapigwa mara mbili tu. Nitamrudia huyu mtu.

Namba 9, raundi sita, majaji wawili walimpa Dogo mmoja akampa mgeni. Hili pambano walikuwa wanalionea aibu. Mjomba aliniambia kwa mdomo wake kwamba usiku ule angetaka usahaulike, Dogo alikuwa na homa, refa alikuwa vile, maneno mengi. Nikamuuliza huyu namba 9 alienda kufanya nini baadae? Tukatafuta. Miezi michache mbele alienda Mwanza akatoka sare na bondia ambaye watu wa ngumi wanamheshimu, halafu akashinda matatu mfululizo. Aliletwa Kigoma kwa bahati mbaya, mpinzani aliyepangwa aliumia, promota akachukua wa kwanza aliyepokea simu na hakumjua.

Kwahiyo kwenye rekodi nzima ya ushindi 13, ule uliokuwa mchafu, ule waliotaka kuuficha, ndo ulikuwa ushahidi pekee kwamba Dogo ana kitu. Nyingine kumi na moja zingeweza kufanywa na yeyote mwenye mabega na hasira.

Video ya namba 9

Ilikuwepo video ya simu, imechukuliwa na mtu aliyekaa nyuma ya kona, nusu ya muda unaona kichwa cha mwenzake mwenye kofia. Tuliirudia mara nyingi.

Raundi ya kwanza Dogo anaenda na zile ngumi zake kubwa kama kawaida na jamaa haanguki. Unamuona Dogo anamwangalia refa. Kabisa, anapiga kombinesheni alafu anageuza shingo kwa refa kama anamuuliza mbona huhesabu. Kazoea. Raundi ya tatu anaanza kuhema kwa mdomo, mkono wa kulia umeshuka mpaka kifuani kila akitoa jebu, na jamaa kamwona, anamlipa na huki (ngumi ya kuzungusha) juu ya ile jebu, mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Mpaka hapo mi nilishaanza kuandika kwamba hamna kitu.

Raundi ya tano ndo nikaweka kalamu chini. Dogo ameacha kutafuta KO. Anaenda mbavuni. Jebu, anasogea hatua moja kushoto, ngumi ya mbavu, anakumbatia anapumzika, anatoka tena. Hakuna aliyemwambia, Kocha mwenyewe alikiri kwenye kona alikuwa anamwambia "mlaze, mlaze". Akili ya mtoto ilimwambia yenyewe kwamba huyu halali, tumchoshe. Kile kitu hakinunuliwi na promota. Unaweza kumnunulia bondia ushindi, huwezi kumnunulia lile la kubadilika katikati ya shida.

Tukampeleka Tabora

Video moja ya zamani haitoshi, kwahiyo Kocha akampigia yule namba 11, mzoefu wa Tabora, akamuomba atukaribishe kambini kwake maana pale kuna mashoto mmoja na kuna vijana wa kilo 66 kweli. Tukapanda treni. Mjomba alikuja pia, alisema hela ni yake lazima aone.

Mzoefu nae ni mtu wa kusikilizwa. Tulivyofika akamsalimia Mjomba, shikamoo mzee, akatuwekea viti chini ya mwembe, na Mjomba akamtupia swali bila hata kuzunguka: ile siku Kigoma ulitupania au ulituachia? Akacheka. "Mzee, mi nilikuja na nauli ya kurudi mfukoni. Sikuja kushinda, nikishinda Kigoma nani ataniita tena? Nilikuja nisipigwe KO, nisiumie, wiki mbili mbele nina pambano lingine. Kijana wenu raundi ya tatu nilimwacha apumue." Mjomba uso ulibadilika.

Watu wa aina ya huyu Mzoefu wako kila mahali kwenye ngumi na watu wanawadharau bila kujua. Yupo Muingereza anaitwa Peter Buckley, alimaliza 2008 akiwa na mapambano 300, kapoteza 256. Humo ndani kuna mpaka Naseem Hamed aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, walikutana mara mbili. Ukiona kijana kampiga Buckley kwa pointi, angalau unajua kijana alicheza raundi zote na mtu anayejua kujikinga, kukumbatia, kukupotezea muda, kukukanyaga kidogo refa akiwa upande wa pili. Kupoteza kwingi sio alama ya mtu mwepesi. Mtu wa 6-19 aliyezimwa mara mbili anakupima kuliko mtu wa 5-0 ambaye hakuna anayemjua. Alama ya mtu mwepesi ni kuanguka mapema, kuanguka kila wiki, na kuanguka kwa ngumi ambayo haikumpata vizuri.

Tuliweka raundi nane za dakika tatu, kila raundi mbili anaingia mtu mpya aliyepumzika, yeye anabaki. Helmeti, glavu kubwa, na tuliwaambia wale vijana wasimuonee huruma.

Mbili za kwanza na kijana wa saizi yake, safi, jebu ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Tatu na nne akaingia mashoto. Hapo alipigwa. Ule mkono wa kushoto ulikuwa unampita katikati ya gadi (mikono ya kujikinga) kila mara, mguu wake wa mbele unagongana na wa mwenzake, anajikwaa. Kocha akamwambia kwenye mapumziko kitu kimoja tu, mguu wako wa kushoto utoke nje ya mguu wake wa kulia. Raundi iliyofuata alifanya. Sio vizuri, ila alifanya, na kulia yake ikaanza kufika. Mzoefu aliyekuwa anaangalia akaniambia pembeni, huyu anasikia, wengi hawasikii.

Tano na sita mikono ikashuka. Saba alikuwa hoi, anapigwa bila kurudisha. Nane akaingia Mzoefu mwenyewe, akamkumbatia, akamwegemea na uzito wote, akamkaba shingo, na Dogo hakujua afanye nini kabisa. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwegemea! Wote walikuwa wanaanguka kabla.

Jioni ile jibu tulikuwa nalo. Mkono upo kweli, jebu ipo, akili ipo, masikio yapo. Pumzi ya raundi 10 hamna, raundi 6 kwa shida. Mashoto hajui. Kukumbatiana hajui. Na hajawahi kukaa chini akainuka, hilo hatukuweza kulipima na huwezi kulipima kwenye mazoezi.

Maamuzi na ugomvi wake

Kocha na mimi tulisema pambano la mkanda likataliwe. Wiki saba, toa mbili zilizoshapita, mtu hajengi pumzi ya raundi nne zaidi na akili ya kupigana na mashoto kwa wakati mmoja. Tukapendekeza aombwe promota wa Dar aweke pambano jingine siku hiyo hiyo, raundi nane, mpinzani wa mkono wa kulia, mwenye vipigo kwenye rekodi lakini anayemaliza mapambano yake. Sababu ya mkono wa kulia ni kwamba tulitaka kubadilisha mambo mawili tu kwa wakati mmoja, raundi ziongezeke na mpinzani awe anakuja kushinda. Mashoto abaki zamu nyingine.

Mjomba alitukatalia siku tatu. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema mnataka apigane na mtu mgumu kwa hela theluthi, akipigwa na huyo tumepoteza sifuri yake ya kutopigwa na hela ya mkanda pia, si bora apigwe na yule mwenye mkanda tukalipwe? Na akatoa mfano ambao kila mtu Tanzania anautoa, bondia wetu Mwakinyo. 2018 alienda Birmingham hakuna Muingereza anayemjua akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili. Angekuwa na kamati ya kusoma rekodi kama nyie, Mjomba akasema, asingepanda ndege. Nikamjibu na 2022 akaenda Liverpool kwa Liam Smith ikaisha raundi ya nne, na usiku wote miwili ni wake. Lakini tofauti yake na Dogo ni kwamba Mwakinyo alipopanda kwa Eggington alikuwa ameshapoteza huko nyuma, alikuwa ameshajua kupigwa kunafananaje.

Kilichomgeuza Mjomba hakikuwa hoja zangu. Ni yule Mzoefu na ile kauli ya "nilimwacha apumue". Alikuwa anairudia kwenye treni njia nzima.

Dogo alikubali akiwa amenuna. Akasema mnaniogopesha.

Usiku wenyewe

Mpinzani alikuwa na rekodi ya kushinda 9, kupoteza 7, sare 2. Kwenye hizo saba KO ni moja, na waliompiga kadhaa baadae walivaa mikanda. Ukiiweka pembeni ya 13-0 inaonekana kama takataka, na kweli mtangazaji alivyozisoma ukumbi uliguna.

Raundi mbili za kwanza za Dogo. Ya tatu na ya nne jamaa akaanza kumsoma, ule mkono wa kulia unaoshuka akitoa jebu akauona kama yule wa namba 9 alivyouona, kumbe ugonjwa bado upo. Raundi ya tano, sekunde za mwanzo, huki ya kushoto juu ya jebu, Dogo akakaa. Alikaa kweli, matako chini, gadi ya meno imetoka. Kocha aliniambia baadae alikuwa ameshashika taulo.

Akainuka refa akiwa kwenye hesabu ya sita. Akafanya kitu ambacho mtu wa 13-0 wa kutengenezwa huwa hafanyi: hakwenda kutafuta kisasi, alienda kukumbatia. Akamwegemea jamaa kama Mzoefu alivyomwegemea yeye, refa akawaachanisha, akaegemea tena, raundi ikaisha. Raundi ya sita akapoteza tena. Saba na nane akarudi kwenye mbavu, na nane jamaa ndo alikuwa anarudi nyuma.

Majaji: 77-74 na 76-75 kwa mpinzani, mmoja 76-75 kwa Dogo. Ukipiga hesabu, bila kule kukaa chini jaji wa pili angekuwa na 76-76 na pambano lingekuwa sare. Pointi moja ya kuanguka ndo iliondoa ile sifuri.

Kigoma walimcheka wiki nzima, wanasema "tulisema anabebwa, mbeleko imekatika". Promota wa mkoani akapunguza simu. Dogo hakuja kambini karibu mwezi, alirudi mwaloni kubeba mizigo, alafu siku moja akatokea tu na vitambaa vyake hajasema kitu. Toka hapo kapigana mara mbili, moja kashinda KO raundi ya sita, nyingine pointi raundi nane, wapinzani wote wawili walikuja kushinda.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kusoma wapinzani mbele na nyuma, sio jumla. Ile 13-0 yenyewe ilikuwa haina jibu lolote, haikusema ni mzuri haikusema ni mbovu. Na hapa watu wa mtaani wanakosea pande zote mbili. Anayesema rekodi imetengenezwa kwahiyo bondia ni feki, namkumbusha Deontay Wilder, Mmarekani wa uzito wa juu. Alienda kwa Stiverne, bingwa wa wakati ule, Januari 2015 akiwa na 32-0 zote KO, hajawahi kuvuka raundi ya nne, na wengi wa wale 32 hata mimi ningewakataa. Akacheza raundi 12 akashinda kwa pointi akachukua mkanda wa dunia wa WBC. Alilishwa vyepesi na alikuwa wa kweli, vyote viwili kwa pamoja. Na anayesema rekodi nzuri inatosha, amuangalie Lomachenko wa Ukraine, ridhaa alishinda 396 akapoteza moja, Machi 2014 kwenye pambano lake la pili la kulipwa akakutana na Orlando Salido aliyekuwa ameshapoteza 12. Salido alizidisha uzito, akapiga chini ya mkanda refa haoni, akaegemea, akashinda. Zile 12 zilikuwa zimemfundisha vitu ambavyo 396 hazikuwahi kugusa.

Mapambano mepesi yenyewe sio dhambi. Manne ya kwanza ya Dogo yalikuwa sawa kabisa. Shida ilianza la tano mpaka la nane ambapo hakuna alichojifunza, na ikawa mbaya zaidi baada ya namba 9, kwasababu pale kambi ilikuwa imeonyeshwa kila kitu, mkono unaoshuka, pumzi ya raundi tatu, lile la kumwangalia refa, alafu badala ya kukifanyia kazi wakarudi kwa mtu yule yule mara mbili na bukta mpya. Kile kipigo cha raundi ya tano Dar kilikuwa kwenye video ya simu zamani sana. Hilo ndo kosa kubwa la kisa hiki na limefanyika Kigoma sio Dar.

Sparingi ya Tabora ilisaidia, ile ya kumbadilishia watu wapya hasa. Ila tuliipa kazi moja tu ya kupima, tukaondoka. Tulipaswa kumwacha kule wiki tatu. Hela haikuwepo, Mjomba alishachoka, sawa, lakini mkono unaoshuka huwezi kuurekebisha kwa kuuongelea kwenye treni, unarekebishwa na mtu wa saizi yako anayekulipa kila ukikosea, na Mwanga huyo mtu hayupo.

Lingine lililofeli ni jinsi Dogo alivyoambiwa. Tulikaa watu wazima watatu tukafungua rekodi yake tukamwambia huyu hakuwa mtu, huyu alitapika, huyu ni yule yule. Kila KO aliyokuwa anajivunia tukaifuta mbele yake. Hakuna aliyemwambia kwa sauti ile ile kwamba namba 9 ilikuwa pambano zuri. Alipanda Dar akiwa nusu haamini mikono yake, na mimi naona raundi ya tatu na ya nne zilipotea kichwani kabla ya kupotea kwenye ngumi. Kocha anabisha hilo.

Anabisha pia jambo kubwa zaidi. Kocha mpaka leo anaamini tungemwomba promota miezi minne, tukae kimya, tujenge pumzi, alafu apande kwenye mkanda akiwa bado 13-0, kwasababu hela ya mtu asiyepigwa na hela ya mtu wa 13-1 sio moja na injini ya Mjomba bado haijatoka kwenye dhamana. Mi naona miezi minne pale pale Mwanga na begi la mchanga isingembadilisha, ile sifuri ingelipwa mara moja na ingeondoka na mtoto. Tumebishana sana, hatujaelewana. Sasa Dar wamepiga tena, raundi 10, hela pungufu kidogo ya ile ya mwanzo, mpinzani mashoto. Safari hii Mjomba hakujibu kwenye simu, alisema subiri niongee na kocha, na Kocha nae kabla hajamjibu Mjomba alishampigia Mzoefu kuuliza kama yule mashoto wa Tabora bado yupo kambini.